Mbio za milimani na wanaklabu: mnangojana au kila mtu na mguu wake? Tupeane uzoefu

Mkimbiaji wa Raskazone
Wakuu, salaam. Klabu yetu hapa Tanga mjini ina ugomvi wa kirafiki usioisha. Sisi ni watu wa pwani, asubuhi tunapiga tizi Raskazone, tambarare tupu, mchakamchaka unaimbwa mwanzo mpaka mwisho na hakuna anayeachwa. Kasheshe ni pale tunapokwenda kushindana wenyewe kwa wenyewe kutoka Mombo kupanda Lushoto. Ni kilomita 33 hivi. Mombo iko mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari, Lushoto karibu 1,400. Umoja wote unavunjikia kwenye kona za kwanza. Vijana wanachomoka, kina mama wanabaki na wazee, tukifika juu kwenye chai kila mmoja ana lawama zake. Kuna wanaosema klabu ni klabu, tungojane. Kuna wanaosema mbio ni mbio. Kwenu mnafanyaje? Naomba yaliyowakuta nyie wenyewe, ya kuhadithiwa tunayo mengi.

Kona ya Soni
Karibuni kwetu. Mimi nimekulia kwenye barabara hiyo, nawaona wageni wanavyoianza. Pale Mombo joto limekukamata, barabara pana, unajiona simba. Ukishaingia kwenye kona, mlima huku na bonde huku, hupumziki tena mpaka Soni, kituo cha njiani.

Kuhusu kungojana, kusimama sishauri hata kidogo. Umetoka jasho, ukisimama upepo wa juu unakupiga, misuli inakaza, kuanza tena ni adhabu. Sisi tunafanya hivi: aliyetangulia akiona pengo limekuwa kubwa anageuka, anashuka polepole mpaka kwa wa mwisho, wanapanda pamoja. Mwenye nguvu anapata mazoezi ya ziada, mnyonge anapata mwenzake. Siku ya kushindana kweli hilo halipo, na hakuna wa kumnunia mwenzake.

Halafu jambo la magari. Kimbieni upande wa kulia mkitazamana nayo, tena mstari mmoja. Malori ya kabichi na viazi yanashuka yamejaa, na kwenye kona dereva hakuoni mpaka mmefikiana. Makundi ya mjini yanapenda kutanda barabara nzima yakiimba. Huko kwenu sawa, huku hapana.

Mama wa Chumbageni
Kaka yangu wa Raskazone, hizo lawama za kwenye chai nyingine ni zangu, wala sizirudishi. Mwanamke kuachwa peke yake kwenye kipande kisicho na nyumba, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshuka, hayo si mambo ya mbio tena. Kwetu kina mama tumeshaamua: tunakwenda wawiliwawili, na jozi haiachani hata mmoja akipatwa na kichomi.

Kasi tunaipima kwa mdomo. Nikiweza kumsimulia mwenzangu habari ya harusi ya jana bila kukata sentensi, niko sawa. Nikianza kujibu "ee" na "hapana" tu, tunapunguza. Saa ya mkononi mlimani inakudanganya, kwa sababu mwendo unaoumudu Raskazone ukiulazimisha pale juu unakuua. Na kutembea kwenye mwinuko mkali si aibu. Wapo vijana tuliowapita tukiwa tunatembea, wao wamekaa kwenye jiwe wameshika viuno. Tukawaamkia vizuri tu.

Mzee wa Riadha
Marahaba kwa watakaonisalimu. Mnabishana jambo ambalo hata mabingwa wetu hawakulifanya kwa namna moja. Juma Ikangaa alikuwa mtu wa kuongoza, anashika mbele mapema na wengine wamfuate. Mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Boston akawa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi sekunde moja tu. Tazameni na njia yenyewe: Boston inaanza kwa kuteremka, vilima vyenyewe vinakuja baada ya kilomita 25, wakati mapaja yameshachoka.

Sasa Alphonce Simbu. Tokyo 2025, mashindano ya dunia, alitulia ndani ya kundi mpaka wakaingia uwanjani, akampita Mjerumani kwenye mstari. Muda wao ukaandikwa sawa, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Mimi nawapenda wote wawili, ila kwa mlima wa Mombo nitamwambia mwanangu akimbie kama Simbu. Kundi linakukinga na pupa.

Chungwa la Muheza
Shikamoo mzee, umenena. Mimi niwaletee habari ya upande wa pili, Muheza kwenda Amani. Ukishapita Zigi ni vumbi na kona ndani ya msitu, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu ni utelezi mtupu, raba yenye soli iliyolika haifai.

Watu wanaogopa kupanda. Mimi naogopa kushuka. Wakati wa kushuka, misuli ya mapaja inakuzuia usianguke: inajikaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinapata vichaniko vidogovidogo. Siku hiyo unacheka. Kesho yake, na hasa kesho kutwa, ngazi za nyumbani unazishuka kinyumenyume. Dawa ni hatua fupi za harakaharaka, magoti yasinyooke kabisa, usijirushe. Na mazoezi ya kushuka yafanyike wiki kadhaa kabla, kidogokidogo, mwili unazoea.

Kunywa nako kuna watu wanabugia maji matupu kila kona mpaka wanavimba. Kwenye mbio ndefu chumvi mwilini inapungua, maji mengi kupita kiasi yanaizimua zaidi, ni hatari kweli. Kunywa ukiwa na kiu, tia chumvi kidogo. Machungwa msihofu, mkipita Muheza mtashiba.

Mkimbiaji wa Raskazone
Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Hilo la jozi na la kugeuka kumfuata wa mwisho nalipeleka klabuni leoleo. Swali moja: sisi mjini mlima tuutoe wapi wa kufanyia mazoezi?

Mama wa Chumbageni
Tunatoka Ijumaa jioni na Coaster, tunalala Muheza, Jumamosi tunapanda. Nafasi zipo. Njoo na wale vijana wako wanaochomoka, nauli walipe wao.