Mjadala: Kenya na Tanzania, nani amemtendea haki mwanakijiji kwa sola?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, Kenya ilisamehe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya vifaa vya sola mwaka 2014 na kuwaachia wafanyabiashara wamfikie mwananchi kwa mkopo, ilhali Tanzania imetegemea zaidi gridi, yaani nyaya za umeme wa taifa, ikamwunganisha mwanakijiji kwa shilingi 27,000 na kumuuzia uniti kwa shilingi 100, mradi asizidishe 75 kwa mwezi. Naona Kenya imetangulia, kwa kuwa mtu hasubiri nguzo.

Mchangiaji wa Kakamega: Msamaha huo uliondolewa mwaka 2020, ukarudishwa 2021, usitusifie kupita kiasi. Isitoshe, sola ya mkopo ni koroboi ya kisasa: taa tatu na tundu la kuchajia simu.

Mwalimu wa Ukerewe: Neno hilo limeniudhi. Nimesahihisha madaftari kwa koroboi miaka kumi na moja, asubuhi napenga kamasi nyeusi, na sasa naambiwa taa zangu tatu ni kitu kilekile?

Mchangiaji wa Kakamega: Samahani, Mwalimu, nilikusudia deni. Nilipochelewesha malipo, taa zilizimika jioni ileile ingawa paneli ilishinda juani na betri ilikuwa imejaa. Kisanduku kilidai tu namba za tokeni, zile unazopewa ukishalipa. Jua la Mungu, kufuli la kampuni!

Mchangiaji aliyeko Hamburg: Hata Ujerumani haki ilipinda. Tangu sheria ya nishati jadidifu ya mwaka 2000 hadi 2022, mpangaji asiye na paa alichangia kupitia bili yake malipo aliyopewa mwenye paneli kwa umeme wake, huku viwanda vinavyotumia umeme mwingi vikipunguziwa mchango huo.

Mwanzisha mada: Mbona tumefika Ulaya? Niliuliza kuhusu sera zetu.

Mwalimu wa Ukerewe: Basi pokea sera yetu. Mwaka 2020 serikali yetu iliagiza gridi ndogo za watu binafsi, zinazozalisha na kusambaza umeme wa eneo dogo tu, zishushe bei hadi shilingi 100 kama ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, wakati visiwani uniti moja iliuzwa kwa maelfu. Mnunuzi alipata nafuu ya haki kabisa, lakini kama hakuna ruzuku ya kuziba pengo, nani atajenga nyingine kisiwa cha pili?

Mwanzisha mada: Kwa hiyo unakubali kwamba Kenya imetangulia.

Mwalimu wa Ukerewe: Sijakubali lolote, na yule bwana wa Kakamega bado hajalifuta neno lake la koroboi.