Mnaomeza statini za kushusha lehemu, tupeane uzoefu

Baba Wawili wa Kibaha

Wakuu, habari za jioni. Jana nimetoka kliniki na karatasi ya vipimo: lehemu yote, yaani kolesteroli, 7.8, ile mbaya, LDL, 5.6. Presha ninayo tangu zamani na naimezea amlodipini. Daktari kaniandikia atovastatini ya miligramu 20 kila siku, mwisho wake hakuutaja. Kufika nyumbani jirani kaliona boksi mezani, kaniambia, "Hizo zinakula misuli, shemeji yangu alishindwa kupanda ngazi."

Kaka yangu alidondoka akiwa na miaka 46, moyo ulisimama tu. Kwa hiyo sina mchezo na hili jambo. Ila kazi yangu ni ya kusimama kutwa, na miguu ndiyo inanilisha. Mliotumia, naomba ukweli: mwili uliipokeaje?

Mnyalukolo Halisi

Natumia tangu mama mkubwa apooze upande mmoja, tulipopimwa ukoo mzima. Sijawahi kuumwa hata kidole.

Kibopa wa Sabasaba

Meza usiku. Asubuhi haifanyi kazi hiyo.

Ndugu Mteule

Mkuu hapo juu usipotoshe. Simvastatini ndiyo ya usiku. Atovastatini meza saa yoyote, muhimu saa iwe ile ile. Mimi nameza na chai asubuhi, na vipimo vimeshuka.

Kibopa wa Sabasaba

Daktari wangu alisema usiku. Wewe ni daktari?

Ndugu Mteule

Wako alikupa ipi? Sema jina la dawa kwanza ndipo tubishane.

Babu Mkaratusi

Vijana mnajiua kwa kemikali za kizungu. Chukua punje za kitunguu saumu, limao na maganda yake, tangawizi, chemsha, kunywa asubuhi kabla ya kula. Lehemu inayeyuka yenyewe. Kwa wenye haraka nina vidonge vya asili kutoka China, vya mchele mwekundu, havina madhara yoyote. Nicheki pembeni.

Chuma cha Reli

Acha chipsi mayai kwanza mkuu, halafu uje na uzi.

Dada wa Ngamiani

Nilikuwa nasoma tu bila kuandika, ila neno "zinakula misuli" limenirudisha mbali, ngoja niseme.

Mama yangu yuko Tanga. Alikuwa anameza simvastatini miligramu 40 na amlodipini ya presha, muda mrefu, bila shida yoyote. Mwaka juzi tumbo likaanza kumsumbua, akapimwa, akaambiwa ana bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori. Mnaijua ile dozi, nusu ya nchi tumeshaimeza: amoksisilini, klarithromaisini na omeprazo, asubuhi na jioni, wiki mbili. Akanunua duka la dawa la karibu. Hakuna aliyemuuliza, "Mama, nyumbani unatumia dawa gani nyingine?" Si pale alipopimiwa, si pale aliponunua.

Wiki ya kwanza haijaisha akaanza kusema mapaja yanamuuma kama mtu aliyelima. Tukadhani ni uchovu, au dozi ni kali. Ijumaa alikuwa anaswali sebuleni. Alisujudu, akakaa, kuinuka akashindwa. Aliushika mguu wa kochi kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, miguu haitoi msaada wowote. Mdogo wangu akamnyanyua kwa makwapa. Hapo ndipo mama akatuambia kwa aibu jambo alilokuwa amelificha tangu jana yake: mkojo umekuwa mweusi, rangi ya kahawa, na unatoka kidogo.

Tukakodi bajaji mpaka hospitali. Bahati yetu zamu ile alikuwepo daktari kijana aliyesema, "Nileteeni dawa zote mlizonazo nyumbani, hata za kienyeji." Mdogo wangu akarudi na mfuko wa rambo umejaa. Daktari akavimwaga vidonge kitandani, akatoa boksi mbili, akazishika moja kila mkono, akasema, "Hizi mbili hazikai pamoja."

Damu ilipimwa kitu kinaitwa CK. Kawaida hakizidi mamia machache. Cha mama kilikuwa makumi ya maelfu. Misuli ilikuwa inavunjika, vipande vyake vinapita kwenye figo na kuziziba. Alisimamishiwa simvastatini na klarithromaisini saa ile ile, akawekewa dripu mchana na usiku, mkojo unapimwa kwenye chupa kila saa. Walishaanza kutuandaa kwa habari ya kusafisha figo. Sitaki kuandika tulivyolala korido siku zile. Alhamdulillah figo ziliamka kabla hatujafika huko.

Leo mama anatembea, anapika. Na anameza statini. Siyo ile, ni nyingine, rosuvastatini kwa kiwango kidogo, kwa sababu moyo wake bado unaihitaji. Kwa hiyo Baba Wawili, jirani yako hajatunga. Ila aliposema "zinakula misuli" akaishia hapo, amekupa nusu ya habari.

Chuma cha Reli

Dada pole sana. Nimeshindwa kuandika utani tena.

Mnyalukolo Halisi

Pole mno. Mungu ampe mama umri.

Shangazi wa Mbezi

Jamani nimesimama hapa jikoni. Baba yangu ameanza dozi ya vidonda juzi, na dawa ya lehemu anatumia. Nampigia sasa hivi anisomee boksi.

Kibopa wa Sabasaba

Ndiyo maana nasema hizi dawa tuziache. Ushahidi huo.

Dada wa Ngamiani

Kaka, usitumie habari ya mama yangu kusema nisichokisema. Ameumia kwa sababu zilichanganywa.

Shangazi wa Mbezi

Amenisomea. Atovastatini 40, na kwenye dozi ya vidonda klarithromaisini imo. Nifanyeje? Kuna mtu wa afya humu?

Mfamasia wa Nyakato

Nipo, samahani nilikuwa na wagonjwa dirishani. Shangazi, mzee ana maumivu ya misuli au mkojo umebadilika?

Shangazi wa Mbezi

Anasema hapana. Mzima, analalamika mdomo mchungu tu.

Mfamasia wa Nyakato

Mdomo mchungu ni klarithromaisini yenyewe, ni kawaida yake. Mpigie daktari wake leo, usingoje kesho, umtajie dawa zote mbili kwa majina. Mara nyingi uamuzi ni mmoja kati ya miwili: kusimamisha statini hadi dozi ya vidonda iishe kisha kuirudia, au kubadilisha dozi ya vidonda. Usimkatishe antibiotiki katikati kwa uamuzi wako, wale bakteria watakuwa sugu. Kukosa statini siku hizo chache hakumdhuru mtu ambaye hali yake imetulia, ila muulize daktari wake, hasa kama aliwahi kuwekewa kichuma kwenye mshipa wa moyo.

Sasa kwa wote. Simvastatini na atovastatini huvunjwavunjwa mwilini na kimeng'enya kimoja, kiko kwenye ini na utumbo. Klarithromaisini inakifunga kimeng'enya hicho. Eritromaisini vilevile. Dawa za fangasi kama ketokonazo na itrakonazo vilevile. ARV za kundi lenye ritonaviri vilevile, na kwa hizo simvastatini hairuhusiwi kabisa. Wanaotumia dolutegraviri, ambao ndio wengi kwetu sasa, hawana shida hiyo. Kimeng'enya kikifungwa, kidonge cha leo hakijaisha cha kesho kinaingia, dawa inarundikana kwenye damu. Simvastatini ndiyo inayopanda vibaya zaidi. Rosuvastatini na pravastatini hazipiti sana njia hiyo, nadhani ndiyo sababu mama wa Dada wa Ngamiani alihamishiwa huko.

Kuna jambo jingine kwenye stori yake limenigusa. Simvastatini ikiwa pamoja na amlodipini inatakiwa isizidi miligramu 20, naye alikuwa kwenye 40. Alikuwa pembeni mwa shimo hata kabla ya klarithromaisini. Baba Wawili, mchanganyiko wako wa atovastatini 20 na amlodipini hauna tatizo hilo.

Babu Mkaratusi

Mfamasia anatetea biashara yake. Vitu vya asili haviui.

Mfamasia wa Nyakato

Babu, kwa heshima zote. Statini ya kwanza kabisa ilitoka kwenye kuvu. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata, mwaka 1973, baada ya kupima maelfu ya aina za kuvu. Iliyokubaliwa kwanza kuuzwa Marekani ni lovastatini, mwaka 1987. Na huo mchele mwekundu unaouza una kitu kinaitwa monakolini K, ambacho ni lovastatini yenyewe, molekuli ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye chupa yako hakuna anayejua kuna miligramu ngapi. Mtu anayemeza atovastatini akaongeza na vidonge vyako anakuwa amemeza statini mbili bila kujua. Tafadhali, unapowauzia watu waulize wanatumia nini.

Babu Mkaratusi

Nimekusikia. Ila saumu siiachi.

Mfamasia wa Nyakato

Saumu weka kwenye mboga, hakuna aliyekukataza. Inashusha kidogo sana, haiwezi kubeba LDL ya 5.6.

Bint Kisauni

Nawasoma kutoka Mombasa. Mimi niliumwa kweli, ndama za miguu usiku kucha, nikaacha dawa kimyakimya miezi mingi. Uchungu ukapungua kidogo lakini haukwisha, hapo ndipo nikashangaa. Daktari mpya akapima tezi ya shingo, kumbe imelala, haifanyi kazi. Akanieleza kuwa tezi ikilala lehemu hupanda na misuli huuma, yote mawili. Nikaanza dawa ya tezi, maumivu yakaondoka, na ile lehemu ikateremka hata kabla ya kurudishiwa statini. Ukiumwa muulize daktari wako kuhusu tezi.

Ndugu Mteule

Hii sikuwa naijua kabisa. Shukrani bint.

Mfamasia wa Nyakato

Bint Kisauni kasema jambo kubwa. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walitoa matokeo ya watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Waliwapa chupa za mwezi mmoja mmoja, nyingine statini, nyingine kidonge bandia kisicho na dawa, na miezi mingine chupa tupu. Maumivu waliyoyapata kwenye mwezi wa statini, karibu asilimia 90 yake yalitokea pia kwenye mwezi wa kidonge bandia. Walikuwa wanaumia kweli, hakuna aliyesingizia. Ila dawa yenyewe ya statini ilichangia kidogo tu. Nusu yao wakarudi kwenye dawa. Kwa hiyo misuli ikiuma kidogo, sema, upimwe CK, ubadilishiwe au upunguziwe. Lakini udhaifu wa kushindwa kuinuka, au mkojo wa rangi ile aliyoitaja Dada wa Ngamiani: acha kidonge, hospitali siku hiyo hiyo.

Kibopa wa Sabasaba

Na ini? Watu wanasema linaoza.

Mfamasia wa Nyakato

Hupimwa kabla ya kuanza. Vimeng'enya vya ini vinaweza kupanda kidogo, na mara nyingi hurudi vyenyewe. Ini kuharibika kabisa ni nadra mno. Sukari nayo huweza kupanda kidogo, hasa kwa aliyekuwa anakaribia kisukari tayari, kwa hiyo ipimwe pia. Na dawa yako wewe ni ipi? Hujatuambia.

Kibopa wa Sabasaba

Nimeangalia. Simvastatini.

Ndugu Mteule

Basi usiku ni sahihi kwako mkuu. Yaishe.

Mrs K wa Arusha

Nina miaka 33, natumia kwa sababu ya ukoo, na tunatafuta mtoto. Naendelea?

Mfamasia wa Nyakato

Mwone daktari kabla ya kushika mimba, dada. Kwa wengi husimamishwa mnapoanza kutafuta na katika ujauzito wote, na wakati wa kunyonyesha haitumiki. Ikitokea umeshika mimba ukiwa unameza, usipaniki wala usifanye uamuzi wa haraka. Acha kidonge, nenda kliniki.

Baba Wawili wa Kibaha

Nimesoma yote. Jana usiku nilikaa na kidonge mkononi, leo nimekimeza. Majina ya dawa zangu zote nimeyaandika kwenye karatasi, iko ndani ya pochi pamoja na kitambulisho. Dada wa Ngamiani, nakushukuru sana, msalimie mama. Nirudi kupima lini?

Mfamasia wa Nyakato

Wiki nne hadi kumi na mbili tangu uanze. Miligramu 20 za atovastatini hushusha LDL kwa kama asilimia 40. Isiposhuka hivyo, daktari ataongeza au atakuchanganyia na nyingine.

Naomba nikuulize jambo moja, mkuu. LDL 5.6, na kaka amekwenda na miaka 46. Je, una uvimbe mgumu nyuma ya kifundo cha mguu, kwenye ile kano nene ya kisigino? Au madoa ya njano kwenye kope?

Baba Wawili wa Kibaha

Kope hapana. Kisigino ndiyo, vyote viwili ni vinene tangu ujana. Marehemu kaka naye. Tulijua ni maumbile ya ukoo.

Mfamasia wa Nyakato

Mwambie daktari wako hilo kama ulivyoniambia. Kuna lehemu ya kurithi, inayopanda tangu utotoni hata mtu akiwa mwembamba na hali chipsi, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuipata. Watoto wako wana miaka mingapi?

Baba Wawili wa Kibaha

19 na 14. Na kaka ameacha watatu, wako Iringa na mama yao.

Mfamasia wa Nyakato

Wapimwe wote watano mafuta kwenye damu. Hata wakiwa wamekula kipimo kinafaa kwa kuanzia. Mpigie shemeji yako usiku huu.

Shangazi wa Mbezi

Narudi kuwajulisha. Daktari amepokea simu, statini imesimamishwa mpaka dozi ya vidonda iishe, baada ya hapo baba anairudia. Amesema turudi kama misuli ikiuma.

Chuma cha Reli

Na balungi? Nasikia nayo haipatani na hizi dawa.

Mfamasia wa Nyakato

Kweli, inafunga kimeng'enya kile kile. Anayemeza simvastatini aiache. Wa atovastatini, kipande kimoja kimoja hakina neno, shida ni juisi yake kwa wingi kila siku. Machungwa ya kawaida kuleni.

Baba Wawili wa Kibaha

Shemeji kapokea. Anawapeleka wote watatu Jumatatu.