Methionini imetoka 0.21% badala ya 0.38%: tatizo ni mfuko au kipimo?

Mchanganyaji_Pongwe
Habari wadau. Nachanganya chakula cha kuku wa mayai hapa Pongwe, Tanga: mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa na premiksi. Kila tani inaingia kilo 1.5 za DL-methionini na kilo 2 za laisini haidrokloridi, yaani asidi amino (vijenzi vya protini) za kununua mfukoni. Kwa fomula, methionini yote ni 0.38%: malighafi 0.23, ya mfuko 0.15. Ripoti ya maabara inasema 0.21%. Laisini imekaa sawa, triptofani, asidi amino nyingine, wameandika "haikuonekana". Njia waliyotaja ni "haidrolisisi ya asidi, saa 24" (kuvunja protini kwa kuichemsha na asidi), basi. Muuzaji anaapa mzigo wake ni safi. Nimbane nani? Na mfuko wenyewe unapimwaje?

Kemia_Chumbageni
Mkuu, muache muuzaji kwanza. Hiyo triptofani ndiyo inayokwambia kilichotokea. Hakuna chakula cha mahindi na dagaa kisicho na triptofani kabisa. Imeungulia humo humo kwenye asidi. Asidi hidrokloriki ya 6 M kwenye nyuzi 110 huiteketeza, ndiyo maana huwa inapimwa peke yake kwa alkali, kwa kawaida hidroksidi ya bariamu.

Methionini haifi yote, ila inaoksidika nusu nusu na nyingine inapotea. Kiwango cha ISO 13903 kinataka sampuli ioksidishwe kwanza kwa asidi pafomiki, nyuzi 0, saa 16, mpaka methionini yote iwe methionini salfoni, ambayo asidi haiiwezi. Pafomiki iliyobaki inamalizwa kwa disalfaiti ya sodiamu, ndipo haidrolisisi inaanza. Laisini inavumilia njia zote mbili, kwa hiyo yako kuja sawa hakuthibitishi kitu kuhusu methionini.

Lakini usishangilie mapema. 0.21 iko karibu sana na malighafi tupu bila mfuko, na namba hiyo peke yake haikuambii kama methionini imeungua maabara au haikuwamo. Omba kipimo cha asidi amino huru, yaani zisizofungwa ndani ya protini. Hapo hakuna kuchemsha: gramu 1 hadi 5 za sampuli, ml 100 za asidi hidrokloriki 0.1 M, tikisa dakika 60, acha itulie. Chukua ml 10 za juu, ongeza ml 5 za asidi salfosalisiliki 6% ili protini igande, koroga dakika 5, chuja. Rekebisha pH iwe 2.20, kisha mashine ya kromatografia inayozitenganisha, yenye ninhidrini (kemikali inayozitia rangi), isomwe kwenye nm 570. Protini ya dagaa na mashudu inabaki nje, unaona kilichotoka mfukoni pamoja na chembe kidogo za asili.

Utegemee methionini kama 0.15%. Laisini usitegemee 0.20: mfuko wa 98.5% una laisini yenyewe 78.8%, kinachobaki karibu chote ni asidi hidrokloriki iliyoungana nayo. Kilo 2 zinakupa 0.158%. Watu wengi hupigia hesabu kilo nzima halafu wanalia wameibiwa.

Bambo_na_Mizani
Naongezea la sampuli, maana mashine ya mamilioni haiwezi kuokoa kiganja kimoja kilichochotwa juu ya gunia. Kilo 1.5 ndani ya tani ni kitu kidogo mno. Chota mara 10 kwenye mdomo wa mikisa (mashine ya kuchanganyia) inapomwaga, toka mwanzo hadi mwisho, kila mchoto mfuko wake. Zikipimwa moja moja na mgawanyo ukazidi 10% ya wastani, kosa ni la mikisa. Dawa yake ni kuichanganya methionini kwanza na kilo 20 hivi za mahindi yaliyosagwa, ndipo uimwage ndani. Kwenye magunia piga bambo (bomba lenye ncha la kuchotea sampuli) mpaka chini. Sampuli isagwe ipite chekeche ya mm 0.5, na ufunge vizuri: kwa unyevu wa pwani yetu uzito unabadilika, kwa hiyo kila ripoti ije na kipimo cha maji.

Mchanganyaji_Pongwe
Asanteni. Na mfuko? Kuna jamaa kaniambia nipime protini ghafi tu, ni rahisi.

Kemia_Chumbageni
Ni rahisi kudanganywa pia, maana protini ghafi hukadiriwa kwa naitrojeni tu. Methionini safi ina naitrojeni 9.4%. Changanya urea sehemu 1 na wanga sehemu 4, unapata 9.3%. Mwenye kuchakachua anajua hesabu hiyo.

Anza na gramu 1 ndani ya ml 100 za maji safi. Methionini inayeyuka yote. Mashapo yakibaki, kuna kitu. Tone la iodini likigeuka bluu ni wanga, povu kwenye asidi ni chokaa. Urea na chumvi zinayeyuka pia, kwa hiyo maji kubaki bila mashapo si cheti.

Kipimo chenyewe ni taitresheni ya iodini: unapima ni iodini kiasi gani imeliwa na methionini. Mg 300 kwenye flaski yenye kifuniko cha kioo, maji ml 100, fosfeti ya potasiamu yenye haidrojeni moja g 5, yenye haidrojeni mbili g 2, iodidi ya potasiamu g 2. Zikishayeyuka, iodini 0.1 N ml 50 kamili. Funga, weka gizani dakika 30, kisha taitreti iodini iliyobaki kwa thayosalfeti 0.1 N, wanga uutie pale rangi ikishakuwa njano hafifu, ukiuwahisha unang'ang'ania iodini. Fanya na nyingine isiyo na sampuli. Tofauti ya ml hizo mbili zidisha 7.461 upate mg. Mfuko wa 99% unatoa tofauti ya ml 39.8 hivi.

Fosfeti usiziruke, kwenye asidi mmenyuko haufiki mwisho. Na kifuniko kikilegea kwenye joto la Tanga, iodini inaruka hewani na mfuko mbovu unaonekana mzima.

Mchanganyaji_Pongwe
Na ile methionini ya maji?

Kemia_Chumbageni
Hiyo si asidi amino, haina kundi la amino, ninhidrini haiioni kabisa. Ina njia yake, waambie maabara kabla hujapeleka. Na laisini usiipeleke kwenye iodini, haina salfa.