Eti "kwani mie ndo nliokula?" Yule bwana wa dawa ya mchwa, nyote mnamjua

Mama wa Fuoni
Asalaam alaykum jamani, sijalala, sijatia kitu mdomoni, naandika mikono inatetemeka makosa mtanisamehe. Yule bwana wa dawa ya mchwa simtaji jina maana nyote mnamjua, yule wa fulana ya kijani na bomba la mgongoni anozunguka Fuoni mpaka Tomondo anatangaza "nikipiga mie harudi mtu", leo kaja kwangu, kasimama mlango wa chumbani, katoa ufunguo wa vespa yake kauchomeka kwenye fremu, ufunguo ukazama wote kama kisu kwenye boflo. Akauchomoa. Akaupanguza. Akanigeukia, chai yangu mkononi, mkate wangu wa kumimina shavuni, akanambia "Kwani mie ndo nliokula?"

KWANI MIE NDO NLIOKULA!!! Mbele ya mama mkwe wangu!

Miezi 14 nyuma nilimlipa laki sita na nusu taslim. Nyumba ya vyumba vinne tumeijenga miaka sita tofali moja moja, mwaka wa msingi, mwaka wa kuta, mwaka mzima tunasubiri mabati tu. Kaja na bomba moja la lita 16, moja jamani kwa nyumba nzima, kapulizia kuta robo saa kama anamtia uturi bibi harusi, namuuliza kwani hutoboi chini akasema dawa za siku hizi zinashuka zenyewe. Kaniandikia risiti ya daftari "garantii miaka 5" na saini yake ndefu kama ya waziri. Sasa fremu tatu zimekwisha, kenchi mbili za paa ukizigonga zinalia pwaa, kabati la msaji la marehemu bibi lililovuka na jahazi kutoka Pemba ukilipiga kofi linalia kama ngoma, ndani hamna kitu, limebaki vanishi tu ndo linaloshikilia. Ukutani wametia njia za udongo pana kama barabara ya Amani, wanapanda wamejipanga kama watoto wanokwenda sikukuu Mnazi Mmoja. Mchwa wamenenepa hao, wallahi wanakaribia kuota ndevu.

Tangu kabla ya Ramadhani nampigia, nakuja kesho, nakuja keshokutwa, niko Makunduchi, niko msibani. Kaja leo, kanywa chai, kasema neno lake lile, kawasha vespa kaondoka. Hata pole hakusema. Kwani mie ndo nliokula! Nani alosema umekula weye? Ulilipwa uwazuie wasile!

Nataka kumshitaki. Anaejua aniambie naanzia wapi.

Yakhe wa Jang'ombe
Hahahaaa sasa yakhe mtu kakutilia nyumba khasara weye unamtilia chai na mkate wa kumimina? Ungemfungia na halua akale njiani

Mama wa Fuoni
Mgeni kaingia nyumbani ntamfanyaje? Chai nilimpa kabla hajafungua mdomo. Laiti ningelijua kama atasema KWANI MIE NDO NLIOKULA ningempa maji ya bomba.

Fundi Mwera
Dada pole sana. Hilo bomba la lita 16 ni la kunguni na mende, si la mchwa wa ardhini. Mchwa ukiona katia njia ya udongo ukutani jua katoka chini, kiota kipo ardhini na unyevu anaufuata huko huko, ukipulizia ukuta umewauwa watatu wanne wa mbele wengine wote wapo chini wanaendelea. Kawaida dawa hupigwa kwenye msingi kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, lita 5 za dawa ilokwisha kuchanganywa kwa kila mita moja ya mraba, yaani chumba cha futi 12 kwa 12 peke yake ni kama lita 67. Nyumba ikiwa imeshasimama unatoboa sakafu kando ya ukuta, tundu moja kila futi moja hivi, unamimina humo halafu unaziba kwa saruji. Yeye kwa lita 16 kapiga vyumba vinne. Hapo hata jiko halijatosha. Na usizivunje hizo njia za udongo kabla hujazipiga picha, hizo ndo ushahidi wako.

Mama wa Fuoni
Lita 67 chumba kimoja??? Mie kanipigia 16 nyumba nzima?? Halafu ananambia kwani mie ndo nliokula, ndio bwana umekula, umekula laki sita na nusu!

Kibarua wa Vuga
Bi mkubwa punguza hasira nikwambie maana wengi humu watakupotosha. Usende polisi watakwambia haya ni madai si jinai, na usende kwa Kadhi, Kadhi ni wa ndoa, talaka na mirathi. Hii ni kesi ya madai na una njia mbili za kuingilia. Ya kwanza mkataba, mkataba si lazima uwe na karatasi ya wakili, Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, ipo tangu enzi za Muingereza na makubaliano ya mdomo yanahesabika, weye una na risiti ilosainiwa kabisa, na meseji za simu za "nakuja kesho" usifute hata moja. Ya pili ni uzembe, hapo lazima uonyeshe kuwa alifanya pungufu ya vile angelifanya mtu wa kazi ile anoijua kazi yake, kwa hivyo mlete mpigaji dawa mwengine asohusiana na nyinyi akague aandike ripoti, haya alosema Fundi Mwera ya lita na kutoboa ndo yaandikwe humo. Na fundi seremala akupe hesabu ya fremu na kenchi kwa maandishi.

Kitu wanachokisahau watu wengi: usiwaache mchwa waendelee kula ili khasara iwe kubwa upate fidia kubwa. Khasara ulokuwa na uwezo wa kuizuia hulipwi. Piga picha, weka vipande vya mbao kwenye mfuko, kisha tibu nyumba kwa mtu mwengine na risiti yake nayo utamdai huyu. Halafu mpelekee barua ya madai mpe siku kadhaa, sheha, mkuu wa mtaa wako, awe shahidi kama kaipokea, akikaa kimya ndo unafungua. Mahkama gani inategemea na kiasi unachodai. Pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara inapokea malalamiko ya watumiaji kwa sheria ya 2018. Huna pesa ya wakili nenda Kituo cha Huduma za Sheria, na wasaidizi wa sheria wapo hata majimboni. Usikae sana, madai yana muda wake.

Mama wa Fuoni
Ahsante kaka Mungu akuweke. Barua naiandika leo leo na mstari wa kwanza nnauandika "Kwani mie ndo nliokula".

Kibarua wa Vuga
Usiandike hivyo bi mkubwa. Andika tarehe.

Mama wa Fuoni
Naandika yote mawili.

Shangazi wa Mbweni
Mwanangu yupo Florida kule Marekani, huko nyumba nyingi za mbao na mchwa hawana mzaha, wana mkataba wanauita bondi ya mchwa unalipia kila mwaka. Lakini iko aina mbili, moja mchwa wakirudi kampuni inakuja kupiga dawa tena bure basi, mbao zilizoliwa shauri yako, nyengine inatengeneza na uharibifu. Yeye alikuwa na ile ya mwanzo hajui mpaka baraza imedidimia. Sasa dada hiyo garantii yako ya daftari imesema garantii ya nini?

Mama wa Fuoni
Imesema "garantii miaka 5" basi.

Kibarua wa Vuga
Atasema ni ya kurudia dawa tu. Ndo maana nikakwambia uingie na uzembe pia, usitegemee daftari peke yake.

Mpemba wa Konde
Nyie angalau mmeliwa mbao. Mie fundi mlango nimemlipa pesa ya mvule kaniletea muembe kaupaka rangi ya kahawia, mvua ya kwanza ya masika rangi ikatoka mlango ukavimba, siku mbili siwezi kutoka ndani napitia dirishani na umri wangu huu. Nampigia anasema "mvule nao huvimba". Mtu wa Pemba mwenzangu!

Yakhe wa Jang'ombe
Mpemba kapigwa na Mpemba dunia imekwisha

Mtoto wa Mjini
Sisi Mji Mkongwe mtusemeje, kuta za mawe na chokaa, boriti za mikoko za enzi ya babu yake babu, jirani wa juu bomba lake la choo linavuja mwaka wa pili sasa boriti zimeoza, mchwa wakipata mbao yenye maji hawataki kuambiwa mara mbili. Nikimwambia anajibu eti maji yanashuka chini ndo asili yake.

Mama wa Fuoni
Huyo na wangu wamesoma skuli moja! Kwani mie ndo nliokula, maji yanashuka chini!

Binti Bububu
Mchwa afadhali wanakula kimya kimya. Kunguru je?? Nimeanika dagaa ndoo nzima nimeingia ndani kuswali tu kutoka nakuta vichwa.

Mtoto wa Mjini
Hao waliletwa kutoka India miaka ya 1890 waje kula taka. Sasa taka wameziacha wanakula dagaa.

Yakhe wa Jang'ombe
Aloleta nani tumshitaki na yeye

Binti Bububu
Mimi nauliza kweli, kuna mtu kajaribu neti? Maana sanamu ya mtu wanaikalia kichwani.

Mpemba wa Konde
Neti ya kuvulia ile ya matundu madogo, ifunge juu ya chanja si juu ya dagaa wenyewe.

Binti Bububu
Inapatikana Darajani au mpaka Malindi?

Mwanafunzi Tunguu
Samahanini nimechelewa sijasoma yote, huyo bwana wa dawa ya mchwa nani ana namba yake? Wametokea jikoni kwa mama.

Mpemba wa Konde
Malindi. Waulize wavuvi wenyewe, dukani watakuuzia ya zamani.