Naomba ushauri: kuandika ĩ na ũ kwenye kompyuta

Wadau, habari zenu. Nachapa kadi za harusi na programu za mazishi hapa River Road, Nairobi, na wateja wengi wanataka Kikuyu chenye ĩ na ũ zake. Ndani ya Word sina shida: naandika 0169, nabonyeza Alt na X, ũ inatokea. Lakini kwenye programu ya kuchorea kadi, nikishikilia Alt nikapiga 0169 hiyo hiyo, napata ©. Hebu fikiria alama hiyo katikati ya jina la marehemu! Kunakili na kubandika herufi moja moja kunachosha, na mteja amesimama mlangoni. Je, kuna mpangilio wa kibodi unaotoa Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza bila kubadilisha-badilisha? Natumia Windows.