Naombeni ushauri: nikichimba silanga (bwawa la maji) la wanyama, si nitajiletea ndovu?

Mpakani_Kasigau:
Habarini wakuu. Niko upande wa Kasigau, Taita Taveta, shamba langu limepakana na ranchi. Nina kisima cha pampu ya sola. Maji yana chumvichumvi, chai haipikiki, ila ng'ombe na mbuzi wanayanywa. Kiangazi kikikaza, digidigi na kanga wanakuja mchana kweupe kunywa kwenye mfereji unaovuja nyuma ya zizi. Juzi nimeopoa kanga aliyekufa ndani ya pipa. Nimeona nichimbe silanga pale mpakani, hata pundamilia na swala wapate. Jirani hataki kusikia, anasema nikichimba mahindi yake yamekwisha. Nifanyeje?

Baba Zawadi:
Jirani ana haki. Ndovu mzima anamaliza zaidi ya lita mia kwa siku, na haji peke yake. Silanga likikauka atafuata tangi. Huku kwetu wameshafukua mabomba ardhini.

nyika_njema:
Sasa Baba Zawadi, tuwaangalie tu wakifa? Mwaka 2022 serikali ilitangaza ndovu 205 waliokufa kwa ukame nchini, Februari hadi Oktoba. Patrick Kilonzo Mwalua, mkulima wa hukuhuku Taita Taveta, alianza kuwapelekea wanyama wa Tsavo maji kwa lori mwaka 2016. Kutoa maji si kosa.

Mzee wa Doria:
Si kosa, ila tuulize wanakufa na nini. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu Tsavo, na wengi walifia karibu na mto Galana, maji wanayaona. Njaa ndiyo iliyowaua. Mama mwenye ndama haendi mbali na maji, kwa hiyo anazunguka palepale mpaka kumebaki vumbi na vijiti. Silanga lako litafanya hivyohivyo, kwa udogo wake.

Afrika Kusini nao yaliwakuta pale hifadhi ya Kruger. Walichimba visima hadi kaskazini kukavu, pundamilia na nyumbu wakahamia, simba wakawafuata. Korongo, yule swala mkubwa ambaye eneo lile lilikuwa lake, walishuka kutoka kama 450 mwaka 1986 hadi kama 45 mwaka 1993. Baadaye visima vingi vikafungwa.

Maji ya ndovu yapangwe na ranchi pamoja na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), ndani kabisa, mbali na mashamba. Wewe saidia hao wadogo. Digidigi kwa kawaida anaridhika na unyevu wa majani. Ukimwona kwenye mfereji, ujue hali ni mbaya.

fundi_sola:
Hilo pipa lifunike leo. Kisha jenga hodhi la simiti, liwe la chini, upande mmoja uteremke polepole kama ufuo ili kifaranga wa kanga aingie na kutoka kwa miguu yake. Kina kisizidi kiganja. Panga mawe yachomoze juu ya maji, nyuki watatua hapo. Liweke hatua chache kutoka kichakani: likigusa kichaka, paka pori atajificha humo akisubiri chakula. Jaza asubuhi, jioni mwaga, kwa sababu ndovu huja usiku. Na maji yako ya chumvi usiyaongezee tu juu ya ya jana. Jua likiyanyonya chumvi inabaki na kuzidi. Mwaga yote, sugua, ndipo ujaze.

Mpakani_Kasigau:
Shukrani sana, hasa Mzee. Silanga nimeachana nalo, hodhi naanza Jumamosi. Jirani nimemsomea haya yote, amekubali shingo upande. Sasa anauliza: na nyani je?

Baba Zawadi:
Nyani wanakuja maji yawepo yasiwepo. Mwambie atafute mbwa.