Alama fiche au QR kwenye pakiti ya sukari: ipi kwa flekso?

Pakiti_Kilo1: Wakuu, naomba mnilinganishie. Sukari kilo 1, pakiti ya filamu (plastiki nyembamba), flekso (uchapaji wa pleti laini zenye picha iliyoinuka) rangi sita. Chaguo la kwanza ni alama fiche: ishara isiyoonekana inayorudiwa pakiti nzima kama vigae, kila kigae ukubwa wa stempu ya posta, kikibeba GTIN (namba ya utambulisho wa bidhaa) ileile ya msimbopau (za Tanzania huanza na 620). La pili ni QR moja ya GS1, shirika la viwango vya misimbopau.

FundiPleti: Kwa kasi ya kaunta, alama fiche. Keshia hageuzigeuzi pakiti. Ila skana iwe ya kamera na iwe na programu ya kuisoma. Ya leza haitaona kitu, kwa hiyo msimbopau ubaki palepale.

Wengi wanakosea kwenye rangi. Njano juu ya nyeupe haionekani kirahisi kwa jicho, basi wanaweka nukta za njano. Skana nyingi za kaunta humulika taa nyekundu, na chini ya mwanga huo njano na majenta (waridi iliyokolea) hutoweka kabisa. Ishara ibebwe na sayani (buluu ya kijani). Kwenye picha, sayani ikipanda, majenta na njano zishuke hapohapo ili mwanga wa picha usibadilike. Jicho huchelewa kugundua rangi kuhama kidogo, lakini mwanga ukibadilika huona mara moja.

Rola_Anilox: Sahihi mkuu, ila rangi tatu kwenye filamu inayovutika ni hatari. Rejista (rangi kukaa sawasawa juu ya nyingine) ikihama robo milimita, ishara inafifia. Sehemu nyeupe tumia sayani peke yake. Tena nukta chini ya asilimia 3 hivi hazikai imara kwenye pleti nyingi za flekso, na ya asilimia 50 inaweza kutanuka ikachapwa 65 au zaidi. Pimeni mashine kwanza, ndipo alama ipachikwe kwa vipimo hivyo. Pantone (wino wa rangi maalumu uliochanganywa tayari) iliyojaa asilimia 100 haina pa kuficha kitu mpaka itobolewe vinukta.

TarehePaleti: Msiisahau QR. Simu inaisoma bila programu ya ziada. Na kama mnataka namba ya bechi na tarehe ya mwisho ndani ya msimbo, inkjeti (printa ya kurusha wino) ya laini ya kufungashia itaichapa pakiti kwa pakiti. Pleti hurudia kitu kilekile. Acheni ukingo mtupu wa moduli 4 (vijiraba vya QR) kila upande.

Chambua_Taka: Kuna hoja ya urejelezaji pia. Mradi wa HolyGrail 2.0 wa Ulaya, ulioanza 2020, ulijaribu alama hizi Copenhagen: kamera juu ya mkanda husoma hata pakiti iliyopondwa, maana kigae kimoja kikionekana kinatosha. QR moja ikilala chini imepotea. Lakini bila kamera hizo kwenye mtambo wa kuchambua taka, usiilipie kwa sababu hiyo.

FundiPleti: @Pakiti_Kilo1 basi weka zote mbili. Alama ipachikwe mwisho kabisa, mteja akishaidhinisha kazi. Ukibadilisha ukubwa baadaye, pachika upya. Usihifadhi faili kwa JPEG iliyobanwa. Prufu (nakala ya majaribio) ya inkjeti isikudanganye, haina upanuzi wa nukta wa flekso: jaribu kwenye filamu yenyewe, mwanzo na mwisho wa roli, pakiti ikiwa imejaa sukari.